Kitufe Kimoja Kisitufumbe Macho
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wahitimu)



Chama chetu kimekusudia kuinunulia klabu ya kompyuta bodi za Arduino. Baadhi ya wenzetu wanapinga. Wanasema chombo hiki ni chepesi mno, kitawalea vijana katika uvivu. Nimeombwa nitoe maoni yangu.

Arduino ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Mwanafunzi huandika sehemu mbili tu: setup, inayotekelezwa mara moja, na loop, inayorudiwa bila kikomo. Akibonyeza kitufe kimoja, programu hutafsiriwa katika lugha ya mashine na kupelekwa kwenye bodi. Taa inawaka! Kijana aliyewasha taa kwa amri yake mwenyewe siku ya kwanza, kesho atarudi. Faida hiyo si ndogo.

Lakini hasara ipo, nami nimeionja. Mwaka 2016 nilitengeneza kifaa cha kupima kina cha maji katika tangi la ofisini kwetu. Kilifanya kazi vizuri, nikasifiwa. Kisha nikatakiwa kuihamishia programu ileile kwenye faili la kawaida la C++. Ikakataliwa. Makosa yalijaa kwenye kioo, nisijue pa kuanzia. Nilihangaika siku tatu. Kumbe chombo kilikuwa kikinifanyia mambo kimyakimya: kiliingiza faili la Arduino.h, kilitambulisha mapema vijisehemu vya programu nilivyoviita kabla sijavieleza, na kiliweka main, inayoita setup kisha loop. Nilikuwa kama mpishi asiyejua kuwasha moto.

Je, kosa ni la chombo? Hapana. Kosa ni la mtu kukaa darasa la kwanza miaka yote. Chombo chenyewe kimeacha dirisha wazi: katika mipangilio yake, ukichagua kuonyeshwa maelezo kamili wakati wa kutafsiri, amri zilizofichwa nyuma ya kitufe hupita kwenye kioo moja baada ya nyingine.

Basi napendekeza tununue bodi hizo, ila kwa sharti. Muhula wa kwanza vijana wabonyeze kitufe, wawashe taa. Muhula wa pili wafungue maelezo hayo na kuzisoma amri pamoja na mwalimu wao. Mwaka unaofuata waziandike wenyewe, bila kitufe. Mimi niko tayari kuja Jumamosi moja kila mwezi kusaidia.

Vijana wangu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kitufe ni cha ndugu. Jitahidini amri zilizo nyuma yake ziwe zenu.