Ankara ya Kweli, Malipo kwa Wakati
Mada kwa waamini na viongozi wa walei, Mutuka, Babati



Tumekusanyika hapa Mutuka kutafakari juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wahasibu tu, yaani ankara. Ankara ni maandishi ambayo kwayo aliyeuza mali au kutoa huduma humwambia mnunuzi: nilikupa kitu hiki, kwa kiasi hiki, kwa bei hii, sasa nilipe. Zamani iliandikwa kwa kalamu katika kitabu chenye karatasi ya kaboni. Siku hizi, hasa kwa anayeiuzia serikali, inapita katika mitandao ya kompyuta.

Wengine watauliza Tume ya Haki na Amani inahusikaje na mashine za risiti. Jibu letu ni fupi. Nyuma ya kila ankara isiyolipwa ipo kaya. Nyuma ya kila ankara ya uongo lipo darasa lisiloezekwa au zahanati isiyo na dawa. Panapoguswa ujira wa mtu na mali ya wote, hapo Injili ina neno.

I. TUONE HALI ILIVYO

Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani watumie mashine za kielektroniki za kutolea risiti, ambazo wote tunaziita EFD. Mwaka 2013 agizo hilo likapanuliwa kwa wengine wasiosajiliwa katika kodi hiyo, na katika miji kadhaa maduka yalifungwa kwa malalamiko. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, ili zabuni za umma zitangazwe, ziombwe na kutolewa kwa njia ya kompyuta. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10, iliyoanza kutumika Juni 2024. Malipo ya serikali nayo hupita katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini, kwa kifupi MUSE.

Hatuko peke yetu. Uganda ilianza mfumo wake wa EFRIS Januari 2021, na Kenya ikaingia katika eTIMS mwaka 2023. Chile ilianza ankara za kielektroniki mapema, mwaka 2003. Italia iliamuru tangu tarehe 31 Machi 2015 kwamba ofisi zake zote za umma zipokee ankara za kielektroniki tu.

Makusudi ya mifumo hii ni mema, na ni haki kuyasifu. Ankara ya karatasi hupotea mezani, na pengine hupotezwa kwa makusudi ili mwenyewe arudi na bahasha. Zabuni iliyotangazwa kwenye ubao wa ofisi moja iliwafaa wenye jamaa katika ofisi hiyo. Leo kikundi cha akina mama cha Babati kinaweza kuona tangazo saa ileile analoliona mkandarasi wa Arusha. Zaidi ya hayo, sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa ajili ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, tunapoketi na watu na kuwasikiliza, tunaona madonda matatu.

La kwanza ni kucheleweshwa. Chukulieni mfano wa mama anayeuza mahindi na maharage kwa shule ya bweni. Ameletewa hati ya kuagizia, amepeleka magunia, yamepokelewa na kutiwa sahihi, naye amewasilisha ankara. Hapo hungoja. Mwezi hupita, na wa pili, na wa tatu. Mkulima aliyemkopesha mbaazi na mahindi yuko mlangoni, na riba ya kikundi cha kuweka na kukopa haingoji. Na kama alitakiwa kutoa risiti ya EFD pamoja na ankara kabla ya kulipwa, mauzo yake yamekwisha kuandikwa kwa mtoza kodi, ingawa mkononi hana hata shilingi. Fedha itakapokuja itakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, kama sheria ya kodi ya mapato inavyoelekeza kwa mali zinazouzwa kwa serikali. Katika mali ya shilingi 10,000,000 hiyo ni shilingi 200,000. Kodi hiyo ni halali, nasi hatuilalamikii. Lakini asiyeambiwa mapema huipiga bei yake bila kuihesabu, akajikuta ameuza kwa hasara.

Tazameni tofauti hii. Sisi tunapodaiwa na serikali, namba ya kumbukumbu ya malipo hutufikia kwenye simu, nayo ina tarehe ya mwisho. Serikali inapodaiwa na sisi, mara nyingi hatuna namba ya kufuatilia wala tarehe. Tuna nauli tu ya kwenda na kurudi ofisini.

Donda la pili ni kutegemea mtu wa kati. Wengi wetu hatuna kompyuta, na wengine hatujui kuitumia. Basi tunamwendea kijana wa steshenari, tunampa namba ya mlipa kodi, kitambulisho cha taifa, namba ya akaunti ya benki, na mwisho neno la siri. Wengi wa vijana hao ni waaminifu na kazi yao ni ya msaada. Lakini mwenye neno lako la siri ana sahihi yako. Aweza kuomba zabuni kwa jina lako bila wewe kujua, na aweza kukubali mkataba usiouweza kuutekeleza. Siku utakapoulizwa, mfumo utasema ni wewe uliyefanya.

Donda la tatu ni uongo ulioandikwa vizuri. Wapo wanaoazimisha jina la kikundi cha wanawake au vijana ili mwenye mtaji mkubwa apate kazi iliyotengwa kwa wanyonge, kisha kikundi hupewa kitu kidogo cha kunyamazia. Wapo wanaouza risiti bila kuuza mali. Na wapo wanaotia sahihi kwamba wamepokea mifuko 100 ya saruji ilhali iliyoshushwa ni 80. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi malipo yaliyofanywa bila risiti za EFD. Lakini mkaguzi akikuta risiti ipo na mifuko haikuwapo, atajuaje, kama sisi tuliokuwapo getini tumenyamaza?

II. TUAMUE KWA MWANGA WA IMANI

Maandiko Matakatifu hayakuijua kompyuta, lakini yaliijua mizani. Sheria ya Musa ilikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja la kununulia na jingine la kuuzia. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Sisi wakulima wa Babati twaelewa haraka, maana tunaijua lumbesa: gunia lililorundikwa kupita kipimo, mkulima akalipwa la kawaida. Ankara yenye mifuko 100 kwa mali ya mifuko 80 ni lumbesa iliyogeuzwa. Tofauti ni kwamba anayeibiwa hayupo sokoni kulalamika. Ni mtoto atakayeketi chini darasani.

Kuhusu ujira, Torati iliagiza mfanyakazi maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa maisha yake yanautegemea. Mtume Yakobo naye aliwaonya matajiri waliozuia malipo ya wavunaji, akisema kilio chao kimemfikia Mungu. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alihesabu kumnyima mtu ujira wake kuwa kosa zito. Na Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba yupo mwajiri wa moja kwa moja na yupo mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani taasisi na taratibu zinazoamua ikiwa huyo wa kwanza ataweza kutenda haki. Fundisho hilo latuhusu. Fundi mwashi anapokosa ujira kwa sababu mkandarasi hajalipwa, na mkandarasi hajalipwa kwa sababu ankara imelala ofisini, aliyeilaza ana sehemu katika njaa ya fundi, hata kama hamjui kwa sura.

Hapa tusijidanganye kwamba mashine itatutendea haki. Italia tuliyoitaja ilikuwa imekwisha kuwa na ankara za kielektroniki katika ofisi zote za umma. Hata hivyo, tarehe 28 Januari 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nchi hiyo ilishindwa kuhakikisha ofisi zake zinawalipa wauzaji katika muda uliowekwa na sheria ya Ulaya, ambao kwa kawaida ni siku 30, na kwa hali fulani siku 60. Mfumo ulionyesha wazi siku ambayo ankara iliingia. Haukumlazimisha mtu kulipa. Kompyuta hubeba kwa haraka kile ilichoambiwa. Ikiambiwa kweli, hubeba kweli. Ikiambiwa uongo, huubeba uongo hadi Dodoma kwa dakika moja. Na anayeiambia ni mimi na wewe.

III. TUTENDE

Kwa wenye biashara na vikundi. Jisajilini wenyewe. Mkihitaji kusaidiwa, kaeni kando ya anayewasaidia, na neno la siri liandikwe na kutunzwa na mwenye jina. Kabla ya kutaja bei, hesabuni kodi na muda wa kungoja. Msipeleke mali bila hati ya kuagizia kwa kuamini maneno ya simu, hata aliyepiga awe mkubwa. Tunzeni nakala za hati zote: ya kuagizia, ya kupokelewa kwa mali, ya ankara, na uthibitisho wa tarehe ya kuiwasilisha. Asiye na tarehe hana hoja. Na msiazimishe jina la kikundi. Jina ni mali ya wanachama wote.

Kwa walio katika kamati. Majengo mengi ya shule na zahanati zetu hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi yenyewe hununua vifaa na kuwatumia mafundi wa mahali. Humo ndimo wanamoketi walei wetu, katika kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Ndugu, huo ni utume wenu kama ulivyo utume wa katekista. Hesabuni mifuko kabla ya kushika kalamu. Ikipungua, andikeni idadi iliyopungua. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki inayoweza kuthibitishwa katika mtandao wa Mamlaka ya Mapato, ombeni ithibitishwe. Mkishurutishwa kutia sahihi ya uongo, kataeni kwa pamoja, maana mmoja hutishwa kwa urahisi kuliko watano. Ikibidi, ofisi za TAKUKURU zipo.

Kwa watumishi wa umma walio kati yetu. Tunajua kwamba si kila ucheleweshaji ni kosa la aliye dirishani. Mara nyingine fedha haijaletwa. Basi semeni hivyo. Kumwambia mdai ukweli juu ya mahali ankara yake ilipofikia ni haki yake, wala si hisani. Na pale ambapo fedha ipo, mdogo asipitwe na mkubwa kwa sababu mkubwa ana simu ya mkurugenzi.

Kwa madiwani na wenyeviti wa mitaa. Ulizeni katika vikao, si juu ya bajeti tu, bali juu ya madeni ya wazabuni: ni ankara ngapi, za tangu lini, na zipi zinatangulia kulipwa. Ombeni pia wananchi wafundishwe mfumo huu kwa Kiswahili chepesi, na huko waliko.

Kwa Kanisa lenyewe. Parokia hununua saruji, huajiri mafundi, hukodi magari. Tusidai kwa Halmashauri haki tusiyoitenda sisi. Kila fundi wa kigango na alipwe siku tuliyopatana, na kila tunachonunua tudai risiti halali.

HITIMISHO

Wapendwa, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na haki ya kulipwa huanza kwa ankara ya kweli. Muuzaji aseme kweli juu ya alichotoa. Mpokeaji aseme kweli juu ya alichopokea. Mlipaji alipe kwa wakati. Mmoja akikosea, wengine wawili wanaumia, na shule yetu inabaki bila paa. Mungu mwenye haki aibariki kazi ya mikono yenu.

MASWALI KWA AJILI YA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliyeiuzia taasisi ya umma na bado hajalipwa? Je, ana hati zake zote? Twaweza kumsindikizaje?
2. Wajumbe wa kamati za mapokezi hukutana na vishawishi gani, nasi twawaungaje mkono wanapokataa?
3. Ni kijana gani wa Jumuiya anayeweza kuwafundisha wengine matumizi ya mfumo bila kushika maneno yao ya siri?
4. Je, kigango chetu kina deni kwa fundi au muuzaji yeyote? Litalipwa lini?