Mkono wa Mtoto Ulioumia Wakati wa Kuzaliwa

(Mazungumzo ya wauguzi wa zahanati kwa darasa la kisomo, siku ya kliniki ya watoto)



Leo hatukuja kusema habari za choo wala za chandarua. Hizo mmezisikia, na tutazirudia siku nyingine. Leo tumekuja na habari ya mkono.

Nani hapa amewahi kumwona mtoto mchanga ambaye mkono wake mmoja umelala tu? Mwingine anautupatupa, lakini huu umenyooka ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, kama mtu anayepokea hongo kwa siri. Haya, tunaona mikono minne imenyanyuka. Basi jambo hili si geni kijijini.

Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine husema mama alimlalia. Sivyo. Mtoto huyu aliumia shingoni alipokuwa anazaliwa. Katika watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili hupata ajali hii.

Sikilizeni inavyotokea. Kutoka kwenye mifupa ya shingo hutoka mashina matano ya mishipa ya fahamu. Mashina hayo hupita chini ya mtulinga, yanachanganyika, kisha yanashuka mkononi. Hiyo si mishipa ya damu. Ni mishipa inayopeleka amri: nyanyua, kunja, shika. Sasa mtoto akiwa mkubwa, kichwa kinaweza kutoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena. Kichwa kikivutwa kwa nguvu, shingo inavutika, na mishipa nayo inavutika.

Ninyi mnaolima mhogo mtaelewa upesi. Ukiuvuta mhogo vibaya, mzizi mmoja unanyooka tu, mwingine unakatikia katikati, mwingine unang'oka wote na udongo wake. Mishipa ya mtoto ni hivyo hivyo. Uliovutika tu hupona wenyewe. Uliokatika hauungi wenyewe vizuri. Uliong'oka kwenye uti wa mgongo haurudi mahali pake kamwe.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mkunga. Bega likikwama, mtoto ana dakika chache tu za kuishi, na ajali hii huwapata hata wakunga wazuri. Lakini yako mambo ya kufanya. Mama alale chali, magoti yake yakunjwe sana mpaka karibu na tumbo. Msaidizi abonyeze juu kidogo ya kinena, siyo juu ya tumbo. Na kichwa kisivutwe kwa nguvu wala kupindwa. Ndiyo maana tunasema mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa sana, au mwenye ugonjwa wa kisukari, asizalie nyumbani.

Na msidhani haya ni mambo ya maskini peke yao. Wazee wetu walimtaja sana Kaizari, mfalme wa Wajerumani waliotutawala. Jina lake Wilhelm wa Pili. Alizaliwa Berlin mwaka 1859, akitanguliza matako, na mkono wake wa kushoto ukapooza. Alipokua ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa sentimeta 15 hivi. Tazameni picha zake: mkono ule daima umeshika glovu, au umeegemezwa kwenye upanga, usionekane ulivyo. Huyu ndiye waliyemheshimu kwa kuita kilele cha Kilimanjaro kwa jina lake, kile tunachokiita Uhuru. Madaktari wa jumba la kifalme walimfunga mkono mzima ili atumie ule mbovu. Walimtia umeme. Walichinja sungura, wakauingiza mkono wa mtoto ndani ya mzoga wakati ungali na joto. Haukupona. Basi tusiwacheke sana bibi zetu na dawa zao za kukanda. Ila kukanda kwa maji ya moto tunakukataza kabisa, kwa sababu mkono huo mara nyingi una ganzi, na mtoto ataungua bila kulia.

Sasa tuseme la kwetu, ingawa ni aibu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta mtoto wake wa kike wa wiki mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umelala. Tukamwambia, "Usijali mama, utapona wenyewe. Subiri." Hatukusema uongo, maana watoto wengi wa namna hiyo hupona. Lakini hatukumwambia asubiri mpaka lini. Mama wa watu akasubiri. Akatuletea tena mtoto akiwa na miaka sita.

Kumbe saa ilikuwa inakwenda. Ngojeni tuwaeleze saa hiyo.

Wiki mbili tatu za kwanza mkono upumzishwe, na mtoto apimwe kama mtulinga umevunjika. Msimnyanyue kwa kumvuta mikono. Kumvisha nguo, anzeni na mkono mgonjwa. Kumvua, umalizieni huo. Kisha yanaanza mazoezi, polepole, kila mnapombadilisha nepi. La maana kuliko yote ni hili: kiwiko kikiwa kimekunjwa na kimeshikizwa ubavuni, geuzeni mkono wa mtoto kwenda nje, kama mlango unaofunguka. Msipofanya hivyo bega linakakamaa.

Halafu hesabuni miezi. Mtoto akifika miezi mitatu, tazameni: je, anaweza kukunja kiwiko mwenyewe? Daktari Gilbert wa Ufaransa na wenzake, tangu miaka ya 1980, walionyesha kwamba mtoto asiyekunja kiwiko kwa miezi mitatu huachwa na mkono dhaifu asiposaidiwa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa, msingoje zaidi. Na kama mkono wote umelegea hata vidole, na jicho la upande ule limesinzia, msingoje hata hiyo miezi mitatu.

Madaktari wengine huwapima tena kwa biskuti. Mtoto wa miezi tisa hupewa biskuti mkononi, na mkono wake ukashikizwa ubavuni. Akiifikisha mdomoni bila kuinamisha sana shingo, vizuri. Akishindwa, kuna kazi.

Operesheni ya mishipa hufanywa zaidi kati ya miezi mitatu na tisa. Mtoto hupigwa nusukaputi. Daktari hutumia darubini, huondoa kovu shingoni, kisha huziba pengo kwa vipande vya mshipa aliouchukua mguuni kwa mtoto mwenyewe. Mguu hautapooza, ila nje ya unyayo patabaki na ganzi kidogo. Haifanyiki kila hospitali, na inataka mkono mzoefu. Tena msitegemee kuona kitu kesho yake. Mshipa hukua milimeta moja hivi kwa siku, yaani hauna haraka kuliko muhindi shambani. Itapita nusu mwaka au zaidi kabla mkono haujaanza kuitika. Na mtoto akichelewa sana, misuli yenyewe imekwisha nyauka, mshipa ukifika haukuti wa kumpa amri.

Ndiyo hali ya yule binti wa miaka sita. Mishipa ilikuwa imepitwa na wakati. Lakini hakuwa amekosa kila kitu.

Mkono wake ulikuwa umegeukia ndani, bega limekakamaa. Akitaka kula, kiwiko kilipanda juu kama cha mpiga baragumu, kikimpiga aliyekaa naye kwenye sinia. Basi alikula kwa mkono wa kushoto. Na ninyi mnajua mtoto anayekula kwa kushoto anavyofanywa. Alichapwa, ndugu zetu. Alichapwa kwa jambo lililomtokea kabla hajavuta pumzi ya kwanza.

Hospitali ya rufaa daktari alimwambia afanye mambo matano: nyanyua mkono pembeni, ugeuze nje, shika kisogo, shika mgongo, peleka mkono mdomoni. Vipimo hivi vilipangwa na Mfaransa mwingine, Mallet, mwaka 1972. Kisha wakampasua. Walilegeza msuli uliokaza, wakahamisha kano za misuli miwili ya nyuma ya kwapa, wakazishona upande wa pili wa bega ili zivute mkono kwenda nje. Akafungwa plasta wiki sita, halafu mazoezi ya miezi. Mtoto mkubwa zaidi, ambaye kiungo cha bega kimekwisha haribika, hukatwa mfupa wa mkono ukageuzwa.

Leo binti yule anashika ndoo kichwani kwa mikono miwili. Anafika kisogoni. Anakula kwa kulia, kiwiko kikiwa chini. Lakini tuwaambieni na upande wa pili: alichopata nje, amepoteza kidogo ndani. Vifungo vya gauni mgongoni, ambavyo zamani alivifikia, sasa anafungiwa na dada yake. Daktari alilisema hilo mapema, na mama alikubali akijua.

Baada ya mazungumzo, baba mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Nikiuza ng'ombe wangu, mkono wa mwanangu utakuwa kama ule mwingine?"

Tulimjibu hapana. Utakuwa mfupi kidogo, na hautakuwa na nguvu sawa. Tukamwuliza mtoto ana umri gani. Akasema miezi minne. Tukamwuliza kama anakunja kiwiko. Alinyamaza kidogo, akamtazama mkewe, kisha akauliza basi la kwenda wilayani linapita saa ngapi.