Urithi Ulio Mlangoni: Makumbusho na Sehemu za Kihistoria za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya



Wageni hufika Nyeri kutoka nchi za mbali ili watazame kaburi, jengo au mti ambao mkaaji wa hapa huupita kila siku akienda sokoni. Mgeni hupiga picha, akaondoka na hadithi. Mwenyeji hubaki na mahali penyewe, lakini mara nyingi hadithi hana. Mazungumzo haya yanahusu sehemu hizo: ni zipi, zinasimulia nini, na mwananchi ana kazi gani ya kuzilinda.

Safari ianzie Ruring'u, nje kidogo ya mji. Hapo pana Makumbusho ya Nyeri, yanayosimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Jengo lenyewe ni sehemu ya historia, kwa kuwa wakati wa ukoloni lilikuwa mahakama ya Waafrika. Wazee walikaa humo kuamua kesi za mashamba, mahari, mifugo na madeni kwa kufuata sheria za mila, huku serikali ya kikoloni ikiwatazama kwa karibu. Leo ndani yake kuna maonyesho ya maisha ya Wakikuyu na ya kupigania uhuru. Ruring'u hiyo hiyo ndiko wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni baada ya uhuru walikofika na silaha zao kupokelewa na serikali mpya. Mtoto anayekwenda uwanja wa Ruring'u kutazama mpira anapaswa kujua kwamba anakanyaga ardhi hiyo.

Kutoka hapo, nendeni mjini kwenye makaburi ya Kanisa la St Peter's. Hapo amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili yake kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Aliiita Paxtu, akikumbuka nyumba yake ya Pax Hill huko mashambani Hampshire, Uingereza. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Majivu ya mkewe, Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa kuzikwa hapo. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake kwamba amerudi nyumbani. Makaburi hayo hayo yana kaburi la Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India, aliyekuja kuishi katika nyumba hiyo hiyo ya Paxtu na kufariki mwaka 1955.

Outspan ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa karani wa Baden-Powell. Mwaka 1932 Walker alijenga pia Treetops, kibanda juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, ili wageni watazame wanyama usiku. Binti mfalme Elizabeth alilala huko usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki. Siku hiyo, akiwa amerudi katika nyumba ya Sagana, ndipo alipopewa habari kwamba yeye sasa ndiye malkia. Miaka miwili baadaye, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Iliyofuata ilijengwa mwaka 1957.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kaburi la Baden-Powell lina jiwe, jina na tarehe, na maskauti husafiri kutoka pembe zote za dunia kuliona. Dedan Kimathi alizaliwa Thegenge, Tetu, mwaka 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu, akashtakiwa hapa Nyeri, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwili wake haukurudishwa kwa familia. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe alipozikwa mumewe. Alifariki Mei 2023 bila kumzika. Hata kumbukumbu za kesi yake zilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa zimepotea, mpaka zikapatikana na kuchapishwa katika kitabu mwaka 2017.

Tofauti hiyo inafundisha jambo. Historia haijihifadhi yenyewe. Hubaki ile iliyoandikwa, ikawekewa jiwe na kutunzwa. Ile iliyoachwa midomoni mwa watu huondoka nao.

Wako waliolielewa hilo mapema. Huko Mathari, Waitaliano walijenga kanisa la ukumbusho na kuhifadhi humo mabaki ya askari wao waliofia Afrika Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wengi wao wakiwa wafungwa wa vita. Yumo Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa makoloni ya Italia upande huu wa Afrika. Alifariki Nairobi akiwa mfungwa, Machi 1942. Hadithi nyingine ya wafungwa hao iko Nanyuki. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambini ili waupande Mlima Kenya. Sehemu ya ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walisimika bendera ya Italia juu ya kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini wenyewe.

Katika kanisa kuu la Consolata mjini Nyeri yamehifadhiwa mabaki ya Sista Irene Stefani, ambaye watu wa hapa walimwita Nyaatha kwa huruma yake. Alifariki Gikondi mwaka 1930. Alitangazwa mwenye heri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na umati mkubwa wa waumini ukafurika. Naye Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Tetu, alipopata habari mwaka 2004 kwamba ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel, alikuwa njiani kuja Nyeri. Alisherehekea kwa kupanda mti kwenye uwanja wa Outspan, akiutazama Mlima Kenya.

Mwenye nafasi ya siku ya pili anaweza kuzunguka mlima. Meru kuna makumbusho katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Murang'a kuna Mukurwe wa Nyagathanga, ambako Wakikuyu husimulia kwamba Gikuyu na Mumbi waliishi. Mlima wenyewe, Kirinyaga, wenye urefu wa mita 5,199, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Sasa, kazi ya mwananchi ni ipi? Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makumbusho na utalii wa mashinani, huku sehemu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Lakini hakuna serikali inayojua kilichomo ndani ya sanduku la cucu. Humo kuna kipande ambacho guka alilazimishwa kuvaa shingoni, picha za harusi, kibuyu, barua kutoka kizuizini. Vitu hivyo ndivyo historia ya Nyeri ambayo bado haijawekewa jiwe.

Mambo manne yanaweza kufanywa na kila nyumba.

Kwanza, sikilizeni wazee na mrekodi. Simu ya mkononi inatosha. Aliyekuwa na miaka 15 watu walipokusanywa katika vijiji vya hali ya hatari mwaka 1954 alizaliwa mwaka 1939. Muda wa kumuuliza si mwingi. Muulizeni majina ya watu, ya vijiji na ya mito, kwa kuwa hayo ndiyo husahaulika upesi.

Pili, andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli, si kalamu ya wino. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi kimoja, ni ya mtu asiyejulikana.

Tatu, msisugue, msipake rangi wala kuuza vitu vya kale kwa wanunuzi wanaopita vijijini. Kiulizieni kwanza Ruring'u. Kitu kikishavuka mpaka, kukirudisha ni kazi ngumu.

Nne, atakayechimba msingi au kisima akakuta mifupa, vyungu au zana za kale, asimame na atoe habari kwa chifu au kwa makumbusho. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na kuharibu sehemu iliyotangazwa kuwa ya urithi ni kosa.

Kwa wanaopanga kutembea: ulizeni mapema saa za kufunguliwa na ada, hasa kwa Treetops na maeneo yaliyo ndani ya hifadhi. Walimu waandike barua kabla ya kuleta wanafunzi. Beba kitambulisho. Makaburini na makanisani, salimu anayetunza mahali na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Vijana wanaoijua historia hii wanaweza kuwaongoza wageni na kupata riziki, lakini anayeongoza bila kujua huuza uongo, na mgeni hugundua.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Jumamosi ijayo, kabla ya kumwonyesha mgeni, mwonyesheni mtoto wa nyumbani. Mwanzieni Ruring'u, mumalizie kwa cucu, na simu iwe na chaji.