Perege na mboga katika baridi ya Minnesota
Mwaka 2014, katika kiwanda cha zamani cha bia cha Hamm's mjini Saint Paul, kampuni ya Urban Organics ilianza kufuga perege na kuotesha mboga kwa maji yale yale. Shughuli hiyo haikudumu, lakini ufundi wake hufaa hata nyumbani.

Taka za samaki hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, chakula cha mboga. Mwenye haraka huharibikiwa hapa: bakteria huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kustawi, na samaki wengi wakitiwa mapema hufa.

Kisha kuna baridi. Perege, wenye asili ya Afrika, hufa maji yakikaribia nyuzi 10. Umeme ukikatika usiku wa Januari, kinachowaua kwanza ni ukosefu wa hewa. Pampu ya betri inunuliwe kabla ya mbegu.