Jina la Kericho na Jina Letu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya jina la Kericho na juu ya jina letu sisi Wakipsigis. Sababu mnaijua. Mkutano wa mwaka uliopita ulikaribia kuvunjika lilipotolewa shauri kwamba asili ya jina la Kericho ichapwe katika kitabu hiki. Mzee mmoja alisema ni dawa, wa pili akasema ni Mmasai, kijana mmoja akacheka, na tangu siku ile wazee wale wawili hawajaketi benchi moja. Mimi ni karani tu, wala sina mvi. Nikikosea, nirudieni kwa upole.

Wasemao dawa wana hoja. Katika lugha yetu dawa ni kerichek, na neno hilo li karibu sana na jina la mji. Lakini wengine huongeza kwamba mji ulipewa jina hilo kwa ajili ya hospitali ya Wazungu, na hapo ndipo ninaposita. Serikali ifikapo mahali hujenga kwanza ofisi, kisha ndipo hujenga hospitali. Na ofisi haikai bila jina hata siku moja, kwa maana barua zitatumwa wapi? Kama ni dawa, basi mimi nadhani ni dawa za wazee wetu, za majani na mizizi, zilizokuwako kabla ya chupa.

Wa upande wa pili husimulia habari za mkuu wa Kimasai aliyeitwa Ole Kericho, ambaye husemwa aliuawa katika vita na Wakisii zamani sana. Wako wanaokasirika wakisikia hivyo, wakidhani kwamba kukubali jina la Mmasai ni kuikabidhi nchi kwa Wamasai. Lakini tazameni majirani zetu. Nakuru, Naivasha, Narok na Uasin Gishu yote ni majina yaliyotoka kwa Wamasai, na hakuna anayewafukuza wakazi wa huko kwa sababu hiyo. Eldoret nalo husemwa kuwa ni neno la Kimasai lenye mkia wa Kinandi. Jina laweza kuwa na wazazi wawili kama mtoto ye yote.

Sasa nije kwenye jina letu wenyewe, maana hapa hasara ni kubwa zaidi. Jina la Kipsigis wengine hulitoa katika neno la kuzaa, na wengine hulifungamanisha na kilima cha Tuluap Sigis, walikokaa babu zetu katika safari yao ya kutoka kaskazini. Mambo hayo mawili hayapigani, nami nayaacha hapo.

Lakini Wazungu walipoingia hawakutuuliza sisi. Waliwauliza Wamasai, nao Wamasai walituita Lumbwa. Kwao hilo halikuwa jina la kabila moja, bali neno la dharau kwa watu walioshika jembe. Hata huko Tanzania waliitwa hivyo Waparakuyo, ambao si ndugu zetu kabisa. Neno hilo la dharau likaandikwa katika ramani na katika hati za Serikali, na stesheni ya reli ikaitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Miaka mingi mzee wetu alisimama mbele ya karani (naona haya kusema, karani kama mimi) akaandikwa kwa jina ambalo mama yake hakumwita.

Hata lile jina letu kubwa la Kalenjin, maana yake «nakuambia», ni la juzi. Lilienea katika miaka ya 1940, wanafunzi wetu na watangazaji wa redio walipotafuta neno moja la kutukusanya pamoja na Wanandi, Wakeiyo, Watugen na wengineo. Hilo tulijichagulia wenyewe.

Kwa nini nakaza habari za Lumbwa? Mwaka 2022 Wakipsigis na ukoo wa Talai walipeleka malalamiko yao juu ya ardhi ya mashamba ya chai mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wako kati yetu wanaotafuta karatasi za babu zao. Kijana atakayeomba mafaili ya zamani kwa jina la Kipsigis peke yake atapata machache, atarudi nyumbani akisema hatukuandikwa. Tuliandikwa, lakini kwa jina la wengine. Na atafute Lumbwa, ingawa linamchoma.

Kwa hiyo naomba Halmashauri isichape asili moja ya Kericho kana kwamba ni amri. Tuchape zote mbili, na chini ya kila moja tuonyeshe ilisimuliwa na mzee wa rika gani, naye aliisikia kwa nani. Nimefungua daftari kwa kazi hiyo. Wale wazee wetu wawili nawaomba wawe wa kwanza, tena siku moja, kwa kuwa benchi lililoko ofisini ni moja tu.