Muhogo wa Mjini na Siku Tatu za Maji

Ninyi wa Kigonsera, na ninyi wa Mbamba Bay, fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno hili: MUHOGO. Lisomeni pamoja: mu-ho-go. Vema.

Leo tutazungumza juu ya chakula cha mji mkubwa ulio mbali nasi. Mji huo ni Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpaka mwaka 1966 uliitwa Leopoldville. Umejengwa kando ya mto Kongo, na wakazi wake ni mamilioni. Je, watu wengi namna hiyo hula nini?

Wengi hula muhogo, kama jamaa zetu wa ufuko wa Ziwa Nyasa. Ugali wa unga wake huuita fufu. Majani yake hutwangwa na kupikwa. Sisi twasema kisamvu, wao husema pondu. Tena wana chakula kiitwacho kwanga. Muhogo hulowekwa, hupondwa, hufungwa katika majani, kisha hupikwa. Kwanga hukaa siku kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo msafiri huichukua njiani, na mfanyakazi huinunua sokoni. Kitoweo ni samaki wa mtoni, au samaki wa chumvi, au maharage.

Muhogo huo watoka wapi? Sehemu kubwa hutoka vijijini. Zamani mwingi ulitoka katika mkoa ulioitwa Bandundu, upande wa mashariki wa mji. Sasa sikilizeni yaliyotokea huko.

Muhogo ni wa namna mbili, mtamu na mchungu. Mchungu huzaa sana, na wanyama waharibifu hawaupendi, kwa hiyo wakulima wengi huupanda. Lakini una sumu iitwayo sianidi. Akina mama wa Bandundu walijua namna ya kuiondoa. Walimenya muhogo, wakauloweka siku tatu mpaka ukalainika, ndipo wakauanika.

Kisha ikajengwa barabara ya lami ya kwenda Kinshasa. Malori yakaja kununua muhogo. Kila mtu alitaka kuuza upesi, maana fedha ilihitajika nyumbani. Basi wengine waliona siku tatu ni nyingi, wakaloweka siku moja tu. Muhogo ulionekana mweupe na mzuri, lakini sumu ilibaki ndani.

Mwaka 1992 wataalamu waliandika juu ya jambo hilo. Vijijini humo watu walikuwa wamepatwa na maradhi ya konzo. Mtu alikuwa mzima, mara miguu yake ikakakamaa, asiweze kutembea vizuri tena. Maradhi haya huwapata zaidi watoto na wanawake, na mpaka leo hakuna dawa ya kuyaponya. Neno konzo ni la Kiyaka, lugha ya huko. Maana yake ni miguu iliyofungwa.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Kongo tu. Hapa Tanzania konzo ilionekana Tarime mwaka 1985, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Hatari huzidi wakati wa ukame na njaa, kwa kuwa watu hukosa kitoweo, tena hawana subira ya kuloweka. Mwili huhitaji chakula kama samaki na maharage ili uishinde sumu. Anayekula muhogo mchungu mtupu, siku baada ya siku, ndiye aliye hatarini.

Basi, tufanyeje? Andikeni.

Kwanza: menya muhogo mchungu, uuloweke siku tatu kamili, mpaka ulainike. Kuukata vipande na kuuanika juani tu kuwa makopa hakutoshi.

Pili: kama una unga tayari nawe huuamini, uchanganye na maji, uutandaze juu ya ungo au mkeka, unene usizidi sentimita 1. Uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu nyingi itatoka pamoja na hewa. Ndipo upike ugali, siku hiyo hiyo.

Tatu: kula muhogo pamoja na dagaa, maharage au kunde.

Akija mnunuzi na lori lake, mwambieni asubiri siku tatu. Lori litarudi, lakini miguu ya mtoto ikikakamaa hairudi kama ilivyokuwa.

MASWALI KWA DARASA
1. Kwanga hutengenezwaje?
2. Kwa nini watu wa Bandundu walipunguza siku za kuloweka?
3. Nyumbani kwako muhogo hulowekwa siku ngapi? Andika sentensi mbili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.