Jina Halikuandikwa, Mwenyewe Akajulikana

Ukiwauliza wenye tovuti kwa nini wanaandika kila ulifanyalo ukiwa kwao, wengi watakujibu kwamba jina lako hawalichukui. Kwao wewe ni nambari tu. Katika mazungumzo ya leo napenda tuitazame nambari hiyo kwa karibu.

Desturi hiyo ina asili yake mwaka 1994, pale Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alipobuni kile ambacho siku hizi kwa Kiswahili huitwa kidakuzi. Ni faili dogo la maandishi ambalo tovuti huliacha ndani ya kompyuta au simu yako, ili utakaporudi ikutambue. Nia haikuwa mbaya: duka la mtandaoni lilihitaji kukumbuka bidhaa ulizokwisha kuzichagua. Lakini haukupita muda mrefu kampuni za matangazo zikang'amua kwamba, kwa kuwa matangazo yao yamo katika tovuti nyingi, kidakuzi kimoja kingetosha kumfuata mtu yule yule kutoka ukurasa wa habari hadi duka la viatu, na kutoka hapo hadi ukurasa wa maradhi.

Je, nambari humficha mtu? Mwezi Agosti mwaka 2006 kampuni ya AOL iliweka hadharani, kwa ajili ya watafiti, maneno yaliyotafutwa na wateja wake wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Majina yalikuwa yameondolewa. Siku chache baadaye waandishi wa gazeti la New York Times walikuwa wamekwisha kumpata mmoja wao. Hawakuvunja kufuli lolote. Walisoma tu alichokuwa akikitafuta, mji wake, watu wa ukoo wake, maradhi yaliyomshughulisha. AOL iliomba radhi na kuiondoa orodha ile, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa.

Sasa tujitazame sisi tulio ugenini. Katika mji mdogo wa Uingereza, mtu anasoma habari za Kiswahili alfajiri, anatazama nauli ya ndege ya kwenda Zanzibar, kisha bei ya pauni kwa shilingi, kisha masharti ya viza. Watu wa namna hiyo mjini humo huenda wasijaze hata daladala moja. Msomaji wa Kiingereza hujificha katika umati. Sisi lugha yetu yenyewe hutunyooshea kidole. Na kwa mtu ambaye maombi yake ya ukaazi bado yako mezani, hilo si dogo.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake iliyoanza kutumika Mei 2018, ulikubali kwamba hata nambari ya kidakuzi yaweza kuwa taarifa binafsi. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa hizo ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji kubonyeza mara moja, na kukataa mara kadhaa. Uingereza, ijapokuwa imejitoa katika Umoja huo, imebaki na sheria ya aina hiyo hiyo. Aliyeko Manchester, basi, anaweza kuiandikia kampuni na kudai aonyeshwe iliyoyaweka juu yake. Nduguye aliyeko Marekani, ambako hakuna sheria moja ya namna hiyo kwa taifa zima, itambidi kwanza aulize sheria za jimbo analoishi.